Sura ya Tisa: Kambale Ishirini na Sita

Alama za tairi zilikuwa mbili tu, na askari mpelelezi Tunu Adamu alizipima zote kwa kiganja kabla hajasema neno.

Alikuwa amechuchumaa ndani ya banda la kuhifadhia chakula cha samaki, Mzenga, Kisarawe. Bati la banda lilikuwa limezuia mvua ya usiku wa Jumatatu, na sakafu ya udongo mweupe ilikuwa imetunza kila jino la tairi. Mbele yake alisimama Bi Mwamvita, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga samaki, mikono kiunoni.

"Hizo ndizo za mwizi, mwanangu. Nilizifunika kwa gunia mimi mwenyewe ili mje mzikute. Pikipiki imeingia hapa, Bilali kafungua lango, wamepakia samaki, wameondoka. Mnatafuta nini kingine?"

"Natafuta samaki, mama."

"Samaki walishakaangwa Dar!"

Nje ya banda mtu alicheka. Huyo alikuwa Hajira, muuguzi wa Kibaha na rafiki wa Tunu tangu walipolala kitanda cha juu na cha chini bwenini. Alikuwa amekaa kwenye mlango wa gari, miguu nje, fito mbili za mwanzi mapajani. Alhamisi hii jioni walikuwa wamepanga kwenda kuvua mto Ruvu, kwao Hajira, Mlandizi. Saa saba mchana mkuu wa upelelezi wa mkoa akapiga simu. Hajira hakukubali kuachwa. Alipanda gari na fito zake.

"Shoga, jua halikusubiri," aliita.

"Nakuja."

"Ulisema hivyo saa tisa."

Tunu alifungua daftari. Mambo yalikuwa machache na yote yalimwelekea mtu mmoja. Jumatatu jioni, Bilali, mlinzi wa bwawa, alilisha kambale wazazi thelathini. Jumanne asubuhi walibaki wanne. Wavu wa juu, uliotandazwa kuzuia ndege, haukuchanika. Kufuli la lango halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mmoja, na usiku ule ulikuwa shingoni kwa Bilali. Alilala mahabusu usiku mmoja, akatoka kwa dhamana.

"Ukiacha lango, kuna njia nyingine ya kutokea?" Tunu aliuliza.

"Hakuna. Zunguka mwenyewe, ni seng'enge mwanzo mwisho."

"Na samaki wenu mtawajuaje mkiwaona sokoni?"

"Bwana samaki wa wilaya alimkata kila mmoja ncha ya pezi la mkia. Upande wa chini. Hata gizani nawajua."

Tunu aliandika. Kalamu haikuwa na haraka, ingawa saa ilikuwa nayo. Kesho baada ya sala ya Ijumaa Bilali alitakiwa kumuoa Zuwena, na Zuwena alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Mwamvita. Baba wa binti, Mzee Maneno, alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba hamwozeshi mwanawe kwa mwizi. Alikuwa ametoa muda mpaka magharibi ya leo. Jua likizama bila jibu, anapeleka ujumbe kwa shehe kwamba asije.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo.

"Mama, hebu chuchumaa hapa nami."

Bi Mwamvita alichuchumaa kwa kulalamikia magoti.

"Tairi hili lilikuwa linaingia. Meno yanaelekea ndani. Ingiza kidole."

"Limezama."

"Sasa hili lililotoka."

Bi Mwamvita aliingiza kidole, akakitoa, akakiingiza tena. "Hili juujuu."

"Pikipiki iliingia nzito ikatoka nyepesi. Mwizi gani anakuja na mzigo na kuondoka mikono mitupu?"

Bi Mwamvita alifuta kidole kwenye gauni. Aliyejibu ni Hajira, kutoka nje. "Mwizi mwenye huruma!"

Mwenye pikipiki alipatikana kwa dakika kumi, kwa sababu tairi lake la nyuma lilikuwa na kiraka chenye umbo la mwezi mchanga na kila mtu pale Mzenga alilijua. Aliitwa Hamidu, mchuuzi wa vitu vya dukani, kijana aliyevaa kofia ya baridi wakati wa joto. Alikuja akiendesha polepole.

"Afande, shikamoo."

"Marahaba. Jumatatu uliingia kwenye banda la bwawa?"

"Niliingia."

"Ulikuja kuchukua nini?"

"Kuchukua? Nilileta, afande! Boksi tatu za sabuni za miche, za shughuli ya Zuwena. Akina mama walikuwa karoni wanasugua masufuria ya harusi, wakaniambia shusha bandani, kuna mawingu."

"Saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Bilali alikuwa hajaingia hata zamu. Waulize."

Tunu alimgeukia Bi Mwamvita.

"Sabuni zilikuja, ndiyo," mama alisema, sauti imeshuka kidogo. "Mimi nilikuwa nimeshuka Kisarawe mjini kuchukua vitambaa. Niliporudi nilikuta boksi. Sikuuliza zimekuja na nini."

"Basi alama za mwizi ni alama za sabuni."

"Lakini samaki hawapo, mwanangu! Sabuni au si sabuni, samaki hawapo."

Hilo lilikuwa kweli, na Tunu alilipigia mstari.

Bilali hakuruhusiwa kuvuka seng'enge. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara, shati limenyooshwa kwa pasi kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Alisimama alipomwona Tunu.

"Usiku ule ulikuwa wapi?"

"Kwenye kibanda changu cha ulinzi, afande. Mvua ilipiga kuanzia magharibi mpaka saa sita. Nilizunguka mara mbili na tochi. Lango limefungwa, wavu wa juu mzima."

"Ulisikia nini?"

Bilali alifikiri. "Niliwasikia wanacheza. Kambale mvua ikinyesha wanachezacheza, wanapiga mikia. Nikasema wamefurahi."

"Upande gani?"

"Upande wa karo. Afande, nisamehe, leo Mzee Maneno amekusemesha?"

"Bado. Yuko msikitini."

"Zuwena ameshapakwa hina." Alisema hivyo tu, akakaa tena kwenye jiwe.

Tunu alirudi kupitia karo. Lilikuwa jukwaa la saruji nyuma ya nyumba ya Bi Mwamvita, umbali wa hatua thelathini kutoka bwawani, na akina mama wanne walikuwa wanaosha sahani za shughuli huku wakisemana na kuchekana, maana amri ya Mzee Maneno haikuwa imewazuia kuandaa. Mmoja wao alikuwa Maulida, mama wa Bilali. Alikuwa anasugua kwa nguvu kuliko wote. Sahani zilizokwisha zilianikwa juu ya kipande cha wavu wa chuma kilicholazwa kwenye matofali manne. Maji ya povu yalishuka kwenye mfereji, yakapita chini ya ukingo wa bwawa, yakaenda kupotelea kwenye shimo la kifusi lililoachwa na watengeneza barabara. Mahali mfereji ulipoanzia, kwenye majani marefu, sisimizi walikuwa wamejipanga mstari mnene, na palikuwa na harufu.

"Nini kimeoza hapa?"

"Vichwa vya dagaa, labda," mama mmoja alisema. "Paka wanaburuta kila kitu."

Tunu aliandika: sisimizi, karo. Kisha Hajira akamshika mkono.

"Umeuliza, umepima, umeandika. Mzee hajarudi. Hilo shimo lina maji. Dakika ishirini, Tunu. Ndani ya dakika ishirini hakuna harusi inayovunjika."

"Mna nini humo?" Tunu aliwauliza akina mama.

"Perege," alijibu Maulida. "Wadogo kama vijiko. Hata paka hawajisumbui."

"Kwa huyu," Hajira alisema akimwonesha Tunu kwa kidole, "perege wa kijiko ni nyangumi. Miaka kumi na nne namfundisha, hajavua hata jani."

Walikaa ukingoni, viatu pembeni. Jua lilikuwa limelalia upande wa mikorosho na maji yamekuwa rangi ya chai. Hajira alifungua begi, akapekua, akapekua tena.

"Mungu wangu. Nyungunyungu."

"Wako wapi?"

"Kwenye friji nyumbani. Kwenye kopo la siagi." Aliweka kiganja mdomoni. "Na mama anakuja leo kula."

Tunu alicheka mpaka akalaza ufito chini. Hajira naye alicheka, kisha akatoa kijaluba kidogo. Ndani mlikuwa na ndoano mbili zilizofungwa manyoya ya shingo ya jogoo kwa uzi mwekundu.

"Nimeona kwenye simu. Huko ulaya wanasimama mtoni na mabuti mpaka kiunoni, hawatumii hata chambo. Wanarusha unyoya. Samaki anadhani mdudu kaanguka. Hakuna chubwi ya kuzamisha, hakuna boya. Mkono tu."

"Na samaki anaamini?"

"Wewe mbona uliamini alama za tairi?"

"Sikuziamini."

"Haya rusha, usiyeamini."

Mara ya kwanza ndoano ilinasa ushungi wa Tunu mwenyewe. Mara ya pili ilinasa tete. Hajira alikuwa anamwelekeza kwa kelele kama kocha wa mpira: legeza kiwiko, mkono wa kurudi, acha uende, acha uende! Mara ya sita unyoya ulitua juu ya maji bila kishindo, ukateleza nusu hatua, na maji yakapasuka. Mshipi ukakaza. Tunu alivuta kwa mikono yote miwili, na perege mwenye urefu wa kalamu akaruka akatua mapajani kwake.

Kigelegele cha Hajira kilifika karoni, na karo ikajibu bila kujua sababu.

"Kavua! Afande kavua! Andika kwenye daftari lako hilo!"

Tunu alimtoa perege ndoano, akamtazama, akamrudisha majini. Alikuwa anacheka, meno yote nje.

"Sasa mimi nataka mkubwa," Hajira alisema. "Unyoya ni wa perege. Ngoja."

Alikimbia peku mpaka karoni, akarudi na kipande cha sabuni ya mche mkononi. Alikikata kwa kisu, akachukua pande lenye ukubwa wa tende, akalichomeka kwenye ndoano kubwa.

"Unafua samaki?"

"Sisi wa Ruvu ndivyo tunavyomvua kambale. Marehemu baba hakuwahi kushika nyungunyungu. Kambale anapenda sabuni ya mche kuliko nyama. Inayeyuka, harufu inatembea na maji, anaifuata popote ilipo. Humu hamna kambale, lakini mkono wangu unawasha."

Alitupa. Boya lilisimama. Lilisimama kwa muda wa kusema neno moja, kisha likazama moja kwa moja.

"Hee!"

Ufito ulipinda mpaka ncha ikagusa maji. Hajira alisimama, akateleza, akakaa kwenye matope, akaendelea kuvuta akiwa amekaa. Tunu alimshika kiuno. Walirudi nyuma wote wawili kama wanaovuta kamba ya mashindano, na kitu cheusi, kinono, chenye sharubu, urefu wa mkono mzima wa mtu, kikaja juu ya majani kikijipigapiga.

"Perege wa kijiko!" Hajira alipiga kelele. "Mama Bilali, njoo uone kijiko chako!"

Tunu hakuwa anacheka tena. Alikuwa amepiga goti, ameukandamiza mkia wa samaki kwa kitambaa. Upande wa chini wa pezi, ncha ilikuwa imekatwa, sawasawa, kwa mkasi.

"Usimrudishe," alisema.

"Nani kakwambia namrudisha?"

Tunu alitazama shimo. Alitazama mfereji, akaufuata kwa macho mpaka chini ya ukingo wa bwawa, na kutoka hapo mpaka karoni. Kisha akaondoka na daftari, peku.

Kwanza alikwenda barabarani.

"Bilali. Bwawa likijaa, maji yanatokea wapi?"

"Kwenye bomba la pembeni, afande, lile nene. Liko chini ya majani. Linamwaga kwenye mfereji."

"Na samaki hawawezi kupita?"

"Lina wavu. Niliukaza mwenyewe kwa waya mwezi wa tatu."

"Rangi ya waya?"

"Ya bluu. Wa umeme."

Pili alikwenda kwenye bomba. Alipanua majani kwa mikono. Mdomo wa bomba, mpana kama sahani ya wali, ulikuwa wazi. Tatu alikwenda kwenye sisimizi, akavunja kijiti, akafukua majani. Mabaki ya kambale mmoja yalikuwa yamekwama kwenye kona ya karo, na kwenye mkia uliobaki, ncha ya chini ya pezi ilikuwa imekatwa. Mwisho alisimama mbele ya sahani za shughuli. Aliziondoa moja moja, akaziweka chini kwa adabu, akaunyanyua ule wavu wa chuma. Kwenye pembe zake mbili vilining'inia vipande vya waya wa bluu.

Mzee Maneno aliingia uani wakati huohuo, kanzu nyeupe, uso umefungwa. Nyuma yake walikuja watu wawili wa msikitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Afande, jua linazama. Nimpigie shehe simu au nisimpigie?"

"Nipe dakika tano, na Bilali aingie ndani ya seng'enge."

Mzee aliashiria kwa kidole, na Bilali akaingia, akasimama mbali na kila mtu.

"Kosa la kwanza ni langu," Tunu alisema. "Nilimuuliza mama kama kuna njia ya kutokea zaidi ya lango, akanijibu hakuna. Alinijibu vizuri. Mimi niliuliza njia ya mtu. Sikuuliza njia ya samaki. Bi Mwamvita, huu wavu ulikuwa wapi kabla ya Jumatatu?"

Bi Mwamvita aliutazama wavu, akatazama sahani zilizo chini, akatazama bwawa.

"Huo... nilihitaji kitu cha kuanikia. Sahani za watu mia mbili, ningezianika wapi? Nikauona pale kwenye bomba hauna kazi. Jua lilikuwa kali, maji yako chini kabisa. Niliutoa asubuhi kabla sijapanda gari la Kisarawe."

"Mchana mkasugua masufuria. Boksi zima la sabuni likashuka na mfereji huu, likapita mdomoni mwa bomba. Usiku mvua, bwawa likajaa, maji yakaanza kutoka. Hajira, kambale akisikia harufu ya sabuni hufanya nini?"

"Anaifuata mpaka kwenye beseni," alisema Hajira, matope mpaka mabegani, samaki kifuani.

"Waliopanda kuifuata juu, mmoja amekwama karoni, sisimizi wanamalizia. Wengine walishuka na maji. Bilali aliwasikia wakipiga mikia upande wa karo, akadhani wanacheza. Walikuwa wanahama."

Mzee Maneno alivuta ndevu zake.

"Samaki mmoja si ishirini na sita," alisema hatimaye.

"Kweli, mzee. Ndiyo maana naomba uvue wewe."

"Mimi?"

"Ukivua wewe, hakuna atakayesema polisi wamepanga."

Walipofika shimoni Hajira alishachomeka sabuni. Mzee Maneno, kanzu yake na kofia yake, alipokea ufito kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake. Aliutupa mshipi vibaya, karibu na miguu yake. Boya halikupata hata nafasi ya kusimama.

"Ya Latifu!"

Alivutwa hatua mbili mbele. Ndala moja ikabaki nyuma. Wenzake wa msikitini walimdaka kanzu, mmoja kulia, mmoja kushoto, na aliyepiga mbio kutoka mbali na kuingia majini mpaka kiunoni na shati lake la pasi, akamkumbatia kambale kwa mikono miwili na kumtupa nchi kavu, alikuwa Bilali.

Mzee Maneno aliinama mwenyewe. Aligeuza mkia, akapitisha kidole gumba penye mkato. Akarudia.

Bi Mwamvita alikuwa ameshika kichwa. "Kaka, mwizi ni mimi. Nifungeni mimi." Kisha akamwendea Bilali ndani ya maji na gauni lake, akamshika mashavu. "Mwanangu, nimekuchafua kwa ajili ya sahani. Nisamehe. Kesho nitapika kwa mkono wangu, na wewe ndiye wa kwanza kula."

"Umeshasamehewa, shangazi."

"Umesikia? Kaniita shangazi!"

Maulida alikuwa wa kwanza. Kigelegele chake kilianza karoni, wenzake wakakipokea, na dirisha la chumba cha bibi harusi likafunguka. Mikono miwili yenye hina mbichi ikatokea nje, ikapungwa hewani, ikavutwa ndani na shangazi mwingine.

Tunu alikaa kwenye jukwaa la karo, akafungua daftari. Kwenye nafasi ya mtuhumiwa akaandika: *hakuna*. Kwenye sababu: *walitoka wenyewe.*

"Na perege wako?" Hajira alisoma begani kwake. "Hujamwandika perege wako."

Tunu alimwandika.

Adhana ilianza. Bilali alikuwa ameupokea ule wavu, tayari anakata waya mpya wa kuurudishia kwenye bomba, maji yakimchuruzika. Mzee Maneno alimsimamia.

"Hao wa shimoni wanakokotwa lini?"

"Kesho kutwa, mzee. Inataka wavu mkubwa na watu kumi."

"Na usiku huu nani anawalinda?"

"Mimi. Ndiyo zamu yangu."

"Wewe?" Mzee alinyoosha mkono. "Wewe nenda kakauke, ulale. Kesho una shughuli. Lete tochi. Nikitoka kuswali nalinda mimi."

Bilali alivua shingoni tochi na ufunguo, ambavyo Bi Mwamvita alikuwa ameshamrudishia, akavitoa kwa mikono miwili. Mzee Maneno alivivaa juu ya kanzu, akatafuta ndala yake, akaanza kuelekea msikitini. Alipofika langoni aligeuka kumtazama Hajira, aliyekuwa anafunga fito zake kwa kamba.

"Binti, huo ufito mmoja uache," alisema. "Na hiyo sabuni."